Kadi Chini ya Kawa

Maalim aliogopa swichi ya taa. Mtu huyo huyo aliyetufundisha jinsi mashine za umeme zinavyofikiri, au zinavyojifanya kufikiri, hakuthubutu kuwasha taa ya darasa kwa kidole chake. Alikuwa na mwiko wa mbao, mwiko hasa wa kusongea ugali, aliouweka juu ya kabati. Mawingu yakitanda na darasa likiingia giza, aliuchukua mwiko, akasimama mbali kama mtu anayemchokoza paka, akaisukuma swichi kwa ncha yake. Taa ikiwaka aliurudisha mwiko mahali pake na somo likaendelea. Tulicheka wiki ya kwanza tu, baadaye tukazoea.

"Umeme ushakupiga, Maalim?" Zakia alimwuliza siku moja. Zakia alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, na hakuwa na swali aliloweza kulimeza.

"Ulinipiga mara moja," akasema Maalim. "Na miye ni mtu wa kujifunza kwa mara moja."

Hilo halikuwa kweli. Kuhusu umeme, labda. Kuhusu watu, alirudia kosa lile lile miaka nenda miaka rudi, nalo lilikuwa kuamini kwamba mtoto akiambiwa jambo amelisikia kama lilivyosemwa. Mimi nililitumia kosa hilo kumwangusha, na sikumwambia mpaka miaka mitatu baadaye. Ndiyo sababu nayaandika haya.

Skuli yetu ilikuwa ghorofani, katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe yenye ngazi za kukata pumzi. Baada ya Mapinduzi walimu wengi waliondoka, na waliobaki walibeba madarasa mawili mawili. Maalim alikuwa mwalimu wa hesabu. Tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, na wa nyuma walikaa juu ya mkeka. Kila Alkhamisi baada ya masomo, anayetaka alibaki, naye akatufundisha kitu ambacho hakikuwemo katika mtaala wowote. Neno kompyuta hatukuwa nalo. Yeye aliiita mashine ya hesabu. Rafiki yake aliyekwenda kusoma Ulaya alimpelekea picha ya mashine hiyo iliyokatwa gazetini: makabati marefu yaliyojaa chumba kizima, na bibi mmoja wa Kizungu amesimama kando ameshika kadi yenye matundu. Picha aliibandika ukutani kwa gundi ya unga. Hakuwahi kuiona mashine yenyewe, wala sisi. Alitufundisha kuogelea juu ya ubao, na sijui kwa nini, tukaogelea.

Alianza na madirisha. Darasa lilikuwa na madirisha matano yaliyotazama uchochoro. La kulia kabisa, akasema, ni moja. Linalofuata ni mbili, kisha nne, kisha nane, na la kushoto kabisa ni kumi na sita. Dirisha lililo wazi linahesabiwa, lililofungwa halihesabiwi. Kila asubuhi, baada ya kuita majina, aliyapanga madirisha kwa idadi ya watoro wa siku hiyo, na sisi tukaisoma. Chini uchochoroni alipita muuza kahawa na vikombe vyake, naye akajifunza kwa kutazama tu. Kwa kuwa aliyasoma kutoka nje, kulia kwetu kulikuwa kushoto kwake, na siku moja yalipokuwa wazi madirisha matatu ya mwanzo alipaza sauti mtaa mzima ukasikia, "Leo ishirini na nane! Skuli imehama?" Watoro walikuwa saba. Maalim aliteremka ngazi zote zile kwenda kumsahihisha, akanywa kahawa, akarudi amefurahi. Alisema yule bwana ni mwanafunzi wake bora kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Siku za mvua madirisha yote yalifungwa, na kwa mujibu wa hesabu yetu hakukuwa na mtoro hata mmoja.

Kisha zikaja amri. Alileta nazi, mbuzi ya kukunia, kung'uto na bakuli, akavipanga mbele, akatwambia tuandike amri za kupata tui. Yeye ndiye mashine, na atafanya kila kilichoandikwa. Zakia, kama kawaida yake, alimaliza wa kwanza. Alikuwa ameandika: chukua nazi, kaa juu ya mbuzi, ikune, kamua tui. Maalim akachukua nazi nzima, akakaa juu ya mbuzi, akakunja kanzu vizuri, akaanza kulisugua fuu la nazi kwenye meno ya mbuzi. Mlio wake ulitusisimua meno.

"Vunja kwanza, Maalim!" tukapiga kelele.

"Haikuandikwa."

"Lakini kila mtu anajua!"

"Kila mtu, ndiyo. Mashine si mtu." Akaendelea kusugua. "Mashine haina adabu ya kukisia."

Mimi nikaandika: vunja nazi. Akaivunja hapo hapo sakafuni, na maji yakamwagika juu ya madaftari ya waliokaa mkekani, kwa sababu sikuandika kwamba yakingwe kwenye bakuli. Tangu siku ile, katika darasa letu, mtu akisahau hatua ya wazi kabisa tulisema amekuna nazi nzima.

Yeye mwenyewe, ajabu, alikuwa bingwa wa kukisia. Alikisia nani hakulala, nani amepigwa, nani hakula. Kulikuwa na barua aliyokuwa akiwapa watoto fulani asubuhi wampelekee mkewe, nyumba ya tatu kutoka skuli. Barua imekunjwa, ni ya haraka, majibu hayahitajiki. Nilipelekwa mara mbili, na mara zote mbili mkewe aliisoma mlangoni, akanikaribisha ukumbini, akanipa chai ya maziwa na mkate. Mara ya tatu nikaifungua njiani. Iliandikwa maneno mawili: Mpe chai. Nilisimama pale uchochoroni nikaona haya, kisha nikaona njaa, nikaenda. Nilimpenda Maalim kwa hilo, na sijawahi kumpenda mwalimu mwingine namna ile.

Alikuwa na daftari la jalada la buluu ambalo halikumtoka kwapani. Humo hakuandika alama zetu, kwa alama alikuwa na daftari jingine. Humo aliandika jinsi tulivyokosa. Ukijibu sawasawa alitikisa kichwa tu na kupita. Ukikosa alivuta kiti, akakaa mbele yako, akafungua daftari. "Hebu nambie, ulifikaje hapo?" Na kama hukujua ulivyofika, alingoja. Alisema aliyepata hana habari mpya. Aliyekosa ndiye mwenye habari. Wapo watoto waliokosa makusudi ili waketiwe namna ile, nami nilikuwa mmoja wao, nikagunduliwa upesi.

Sasa nifike kwenye sanduku.

Maalim alijiapiza kuisaidia skuli ya Chwaka, kijiji cha pwani. Alikwenda huko wakati wa likizo, akakuta skuli ambayo mwalimu wake wa hesabu alikuwa ameondoka na hakupatikana mwingine. Mwalimu mkuu alifundisha kila kitu, na hesabu aliifundisha kwa kukiri kwamba haijui. Maalim alirudi mjini hana raha. Alisoma katika magazeti ya rafiki yake kwamba kuna nchi wanajaribu vyombo vya kumfundisha mtoto bila mwalimu kusimama mbele yake: swali, jibu, na papo hapo mtoto anajua amepata au amekosa. Akaenda Mlandege kwa seremala anayemjua, na kwa mbao za kasha la chai wakaunda sanduku lenye ufa juu yake na uso wa mbele ulio wazi.

Kadi aliziandika mwenyewe, mia na ushei, kwa mkono. Kila kadi ilikuwa na swali moja na majibu matatu, na mbele ya kila jibu tundu. Kadi ilikuwa ya karatasi mbili zilizogandishwa. Karatasi ya mbele ilikuwa na matundu matatu, ya nyuma ilikuwa na tundu moja tu, nyuma ya jibu la sawa. Unaitumbukiza kadi sandukuni, unashika kijiti cha chelewa kilichochomolewa kwenye fagio, unachoma tundu la jibu lako. Kijiti kikizama, umepata, kadi inayofuata. Kikigota, umekosa, fikiri tena. Kadi za mwanzo zilikuwa za madirisha, za katikati za amri, na za mwisho zilikuwa amri ndefu zenye kosa moja lililofichwa ambalo ulitakiwa ulipate. Alipolimaliza alilipeleka Chwaka siku mbili, akalirudisha, akasema watoto walilizingira mpaka seremala alipaswa kubadilisha ubao wa chini. "Chwaka wanangoja," akawa anasema, hata katikati ya somo ambalo halihusu Chwaka.

Akamwita mkaguzi wa skuli. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alilichoma sanduku mara tatu, kijiti kikagota mara tatu, akacheka. Kisha akasema mbao hakuna, karatasi hakuna, na kila wiki huja mtu ofisini na jambo jipya. "Nionyeshe kwamba linafundisha kuliko chaki," akasema. "Ligawe darasa lako. Nusu sanduku, nusu chaki. Mwisho wape mtihani mmoja. Likishinda, ntakupa mbao na karatasi za skuli kumi za shamba, na ya kwanza Chwaka. Lisiposhinda, tusisumbuane."

Maalim akatugawa kwa kura, kwa kete za bao mfukoni. Mwenye kete iliyotiwa wino alikwenda upande wa sanduku. Zakia akatoa yenye wino. Mimi nikatoa nyeupe. Nilikaa upande wa chaki, nikawatazama wenzangu wakienda mmoja mmoja kuchoma kijiti nyuma ya kabati, nikawaonea wivu. Nasema wivu kwa sababu sina jina jingine.

"Upande wa sanduku," Maalim alitangaza, "msiwaonyeshe wenzenu kadi humu darasani. Mmesikia?"

"Naam, Maalim."

Zakia alifanywa mtunza kadi, kwa sababu panya wa skuli walizipenda mno kwa gundi yake ya unga. Kila jioni alizichukua nyumbani katika mkebe wa biskuti. Nyumba yao na yetu, mtaa wa Kiponda, zilitazamana. Ukinyoosha mkono dirishani na mwenzako akanyoosha wake, mnapeana chumvi. Na ikaingia Ramadhani.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo halifundishwi, mtoto huzaliwa akilikuta. Alasiri ikizama mama alipakua, akafunika kwa kawa la ukili, na mimi nikavuka uchochoro. Nikirudi sahani ina kitu kingine. Mwaka ule ulikuwa wa foleni, mchele ulipatikana kwa kusimama na sukari kwa bahati, lakini sahani ziliendelea kutembea. Kilichopungua kilikuwa kilichomo.

Siku ya nne ya mfungo nilimpelekea Zakia muhogo wa nazi, nikamwambia, "Nitilie kadi."

"Maalim kakataza."

"Kakataza humu darasani. Hapa darasani?"

Zakia akatazama huku na huku ukumbini kwao, kama anayehakikisha. "Hapa si darasani," akasema. Sahani ikarudi na vipande viwili vya mkate wa mofa, na baina ya sahani na mkate, ndani ya jani la mgomba, kadi sita.

Baada ya kufuturu nilikwenda kwao, au yeye akaja kwetu, tukakaa ngazini na kijiti cha fagio la mama. Hatukuwa na sanduku. Ungeweza kuinua kadi kwenye taa na jawabu likaonekana kama mwezi, kwa hiyo tuliapa kutoinua. Hapo ndipo nilipoligundua jambo. Zakia, aliyekuwa na sanduku kila siku, hakuwa akifikiri hata kidogo. Alichoma la kwanza, likagota, akachoma la pili, likagota, akachoma la tatu, likazama, akasema tayari.

"Kwa nini la tatu?" nikamwuliza.

"Kwa sababu limezama."

"Limezama kwa nini?"

"We nawe! Umekuwa Maalim?"

Nikamnyang'anya kijiti. Nikasema hachomi mtu mpaka aseme sababu. Tukagombana, tukanuniana, mama yake akatuletea uji, tukarudiana. Sababu zake zilikuwa mbaya, na zangu zilikuwa mbaya vilevile, ila tulipozigonganisha ikabaki moja nzuri. Kuna kadi moja ya amri yenye kosa tuliyobishana siku tatu. Sikuwahi kujifunza kitu namna ile, kwa hasira na furaha kwa pamoja.

Kama yangeishia kwetu wawili, pengine nisingeandika. Lakini mimi pia nina majirani. Sahani yetu ilikwenda kwa msichana mwingine wa upande wa chaki, nyumba ya nyuma, na yake ikaenda kwa ndugu wawili wa Mkunazini. Katikati ya mwezi kadi zilikuwa zikitembea chini ya makawa ya nusu ya mji, zikirudi kwa Zakia kabla ya saa mbili asubuhi zikinuka samli. Maalim alizinusa mara moja, akasema kumbe panya wa nyumbani kwa akina Zakia wanakula vizuri kuliko wa skuli.

Baada ya Idi tukafanya mtihani. Maalim aliusahihisha mara mbili, kisha akampa mwalimu mwingine ausahihishe bila kuona majina. Pande zote mbili zilikwenda sambamba. Upande wa chaki ulizidi kidogo kabisa.

Alisimama mbele yetu na daftari la buluu, akauliza: "Kuna yeyote wa upande wa chaki aliyeonyeshwa kadi humu darasani?"

"Hapana, Maalim," tukaitikia kwa sauti moja.

Kila neno la jibu lile lilikuwa la kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uwongo mtupu. Nilimtazama Zakia, naye akatazama sakafu. Maalim aliandika kitu daftarini, mstari mmoja, akalifunga. Mkaguzi alipokuja hakukaa hata kitini. "Basi," akasema kwa upole, "chaki tunayo tayari." Sanduku likapandishwa juu ya kabati, kando ya mwiko.

Wiki ile alitutuma mimi na Zakia tumsaidie kumrudishia seremala mbao alizokwishakata kwa ajili ya sanduku la pili. Seremala aliziona zinarudi, akatema vumbi la randa. "Sasa si ungesema tu limeshinda? Nani angejua?"

"Ningejua miye," akasema Maalim. "Kisha wangejua watoto wa Chwaka, siku chombo kisichofundisha kitakapowafikia kwa muhuri wangu."

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kilichotoka ni kwamba nina kiu, naomba maji. Seremala akanipa maji, nikanywa, tukarudi. Zakia hakusema neno mpaka Kiponda, na Zakia kukaa kimya ni jambo zito.

Mwaka uliofuata Maalim alihamishiwa skuli ya Bububu. Hakukuwa na Alkhamisi tena. Nilisikia anafundisha hesabu za kawaida, anafundisha vizuri, na hasemi habari za mashine. Zakia aliolewa Pemba. Mimi nikasomea ualimu, na nadhani inajulikana kwa nini.

Nilipomaliza nikapangiwa skuli. Mtu aliyeisoma orodha aliita jina langu, kisha akaita Chwaka. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikamwambia mama nakwenda Bububu, naye bila kuuliza akaoka mkate wa kumimina, akauweka kwenye sahani yake ya maua, akaufunika kwa kawa. "Mwalimu haendewi mikono mitupu," akasema.

Nyumba ilikuwa karibu na barabara. Nikapiga hodi, mkewe akafungua, akanikumbatia, akaipokea sahani. Jambo la kwanza nililoliona ukumbini ni swichi, na kando yake, kwenye msumari, mwiko.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umekuwa mtu mzima."

Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi upande mmoja. Akaniuliza habari za mama, za Zakia, za masomo. Nikamwambia nimepangiwa Chwaka. Akasema alhamdulillahi, akaangalia mikono yake. Nikajua nikinywa chai yake kabla ya kusema, sitasema tena.

"Maalim, siye tuliziona kadi."

"Kadi zipi?"

"Za sanduku. Upande wa chaki. Miye nlimwomba Zakia, na kutoka kwangu zikaenda kwa wengine. Ramadhani nzima. Tukizitia chini ya kawa."

Nje lilipita gari la shamba, likapiga honi, likaenda zake. Uso wake ulibadilika nami nikauona unavyobadilika. Nilidhani nimeshajiandaa kwa hasira, kumbe sikuwa nimejiandaa.

"Miaka mitatu," akasema taratibu. "Miaka mitatu nnajiambia nlikosea. Nimewaandikia watu Ulaya kwamba nlikosea. Na Chwaka kule nlikwenda mwenyewe kuwaambia." Akasimama. "Nlikuulizeni. Nlisimama mbele yenu nikakuulizeni!"

"Uliuliza kama tulionyeshwa humu darasani."

Nilisema kwa sauti ndogo, si kwa kujitetea, nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akanikazia macho.

"Nlisema hivyo? Humu darasani?"

"Mara zote mbili, Maalim. Ulipokataza na ulipouliza."

Akaketi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na kweli macho yalikuwa na maji, lakini alikuwa akicheka, kicheko kisicho na raha kamili.

"Nazi nzima," akasema. "Nimeikuna nazi nzima mbele ya watoto wangu mwenyewe."

"Nisamehe, Maalim."

"Ntakusamehe. Leo bado." Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia makasha yakisukumwa. Akarudi na daftari la buluu, jalada limeliwa pembeni, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, goti kwa goti. "Hebu nambie. Mlifikaje hapo? Anza siku ya kwanza. Mlikaa wapi? Nani alishika kijiti?"

Nikamweleza yote. Zakia alivyochoma ovyo mpaka kizame. Nilivyomnyang'anya kijiti. Sharti la kusema sababu kabla ya kuchoma. Kadi ya siku tatu. Hapo alinisimamisha, akataka kujua mimi nilisema nini na Zakia alijibu nini, na nilipokuwa sikumbuki alingoja, kama zamani, mpaka nikakumbuka. Mkewe alikuja mara mbili. Mara ya pili alisema, "Maalim, mgeni hajanywa hata maji," naye akajibu, "Ana habari huyu, ana habari," bila kuinua kichwa.

Alipomaliza alifungua ukurasa wa nyuma kabisa, nikauona ule mstari mmoja wa siku ile: Sanduku halikushinda. Akaukata kwa kalamu. Nilitazamia aandike kwamba lilishinda. Akaandika: Sijui. Kisha akapuliza wino ukauke, na uso wake ukawa uso ule wa Alkhamisi, ambao sikuwa nimeuona tangu sanduku lilipopandishwa juu ya kabati. Mimi nikalia, yeye akaniacha nilie.

Niliondoka alasiri. Mkewe alinipa sahani ya mama, imefunikwa, nzito. Sikuifungua mpaka nilipofika Chwaka siku ya pili, katika chumba nilichopewa kando ya skuli. Chini ya kawa mlikuwa na mkate wa ajemi. Chini ya mkate, ndani ya jani la mgomba, mlikuwa na kadi zote, zimefungwa uzi, na kijiti kimoja cha chelewa. Juu yake karatasi, kwa mwandiko wake:

Kaa nao wawili wawili. Kadi moja kwa wawili. Kijiti kimoja. Hachomi mtu kabla hajamwambia mwenzake sababu. Wakienda nazo nyumbani, waache. Andika kila kitu. Niletee.

Nilifanya kama ilivyoandikwa, bila kukisia. Ijumaa ya kwanza nilimpa dereva wa gari la mjini sahani ya mama, ampe mwenzake wa gari la Bububu aifikishe kwa Maalim, na ikirudi ipelekwe kwetu Kiponda. Nilitia samaki wawili, changu wa kukaanga, na chini yao, katika karatasi iliyokunjwa mara nne isiingie mafuta, majibu ya watoto wote. Ya waliokosa niliyaweka juu.